Barafu ya samaki, mashimo mawili na kisima cha mama: kisa cha pampu ya jotoardhi Malindi

Wenye nyumba wamenikubalia nikiandike kisa hiki kwa sharti kwamba asiwepo atakayewatambua. Nimeondoa majina, mtaa na mwaka. Vipimo nimevitoa kwenye daftari langu la kazi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Niliingia kazi ikiwa nusu imekwisha na nusu imeharibika, kwa hiyo yaliyotangulia nayaeleza nilivyosimuliwa na mama mwenye nyumba, na mwanawe, na mafundi wawili waliokuwapo.

Nyumba yenyewe

Nyumba iko Malindi, kama mita 800 kutoka ufuoni. Ni ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe, paa la zege bapa. Chini anakaa mama, mjane, pamoja na binti yake na wajukuu. Juu kuna vyumba vinne vya kukodisha, na wageni hujaa kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, kisha tena Agosti. Uani kuna kisima cha zamani cha mita 14 hivi. Maji yake yana chumvi, si ya kunywa, lakini hufulia, huoshea vyombo na kumwagilia.

Vyumba vya juu vilikuwa na viyoyozi vinne vya BTU 12,000 kila kimoja (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), vya aina ya zamani isiyo na inveta, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo wa kompresa. Vyombo vyake vya nje vilikuwa vimeliwa na hewa ya chumvi hadi mapezi ya alumini yanamomonyoka kama biskuti ukiyagusa. Bafuni mlikuwa na zile shawa za umeme zinazochemsha maji palepale, na waya zake zilikuwa zikiungua kila baada ya miezi michache, kwa sababu aliyezinunua hakuchagua zile zilizotengenezewa maji ya chumvi. Anayeishi pwani anaijua hadithi hiyo.

Wazo lilivyokuja

Kijana wa mama anaishi Ujerumani. Nyumbani kwake huko kuna pampu ya joto inayotumia ardhi. Wamechimba mashimo yenye kina cha karibu mita 100, wakashusha paipu za plastiki zilizokunjwa chini mfano wa herufi U, na maji yenye dawa ya kuzuia kuganda huzunguka humo mfululizo. Ardhi ya huko kwenye kina hicho hubaki kwenye digrii 10 hivi mwaka mzima. Baridi ikishuka chini ya sifuri nje, ardhi ina joto kuliko hewa, na mashine hulifyonza joto hilo, ikalipandisha na kupasha nyumba. Kiangazi maji hayo ya ardhini hupoza maji yanayozunguka sakafuni bila hata kuwasha kompresa, na nyumba ikapoa kwa gharama ya pampu ndogo tu.

Akaja likizo mwezi wa Machi. Akalala katika kimojawapo cha vyumba vya juu, akatoka asubuhi akasema, "Mama, hii jua yote na bado mnalipa stima kiasi hiki? Nitawaletea kitu."

Hapa niingize neno moja. Mkenya akisikia jotoardhi akili yake hukimbilia Olkaria, kule Naivasha, ambako visima hushuka hadi karibu kilomita 3 na kutoa mvuke wa zaidi ya digrii 200 unaozungusha mitambo ya umeme. Pampu ya joto ya nyumbani haina uhusiano na mvuke huo. Ni ndugu wa friji. Ina kompresa, ina gesi, na kazi yake ni kuchukua joto upande mmoja na kulimwaga upande wa pili. Ardhi ni mahali pa kulichukua au pa kulimwaga, basi. Jirani mmoja aliiuliza familia iwapo mvuke utaweza kufika kwake pia, na hakuwa akitania.

Kilichofanyika, kwa mpangilio

Kijana alinunua mashine iliyotumika, ya kilowati 9, akaipakia kwenye kontena. Mpango aliouandika ulikuwa hivi: upande wa baridi wa mashine upoze maji ya kupelekwa kwenye feni koili nne za vyumbani (koili ya maji baridi yenye feni ya kupuliza hewa juu yake), na upande wa moto umwage joto ardhini. Maji ya kuoga yangeunganishwa baadaye, fedha zikipatikana. Alitaka pia kuchimbua sakafu ya chini aweke paipu za kupoza, kama kwake. Mama alikataa katakata. Sakafu ile iliwekwa na marehemu mumewe.

Uamuzi wa kuchagua ardhi haukuwa wa kipuuzi, na nataka hilo lieleweke. Kijana aliona vile vyombo vya nje vilivyooza, akasema mashimo hayana mapezi ya kuliwa na chumvi. Hoja hiyo ni ya kweli. Paipu nyeusi ya plastiki haijali chumvi hata ikae miaka 50.

Kuchimba kulianza Oktoba, baada ya kibali. Lengo lilikuwa shimo moja la mita 80. Mwamba wa matumbawe una mapango, na mashine ya kuchimba ilipofika mita 30 na ushei ikaanza kupoteza hewa na maji, vyote vikitokomea pembeni. Kwenye mita 38 kuta zikaporomoka. Mkandarasi akashauri waache hapo, wachimbe la pili karibu yake, na jumla itakuwa mita 76, "karibu sawa tu na 80". La pili nalo likafika 38. Uji wa saruji wa kujazia kandokando ya paipu ulikuwa ukimezwa. Magunia waliyopanga yatoshe mashimo yote mawili yaliishia katika la kwanza.

Halafu ikaja habari ya umeme. Mashine ilitaka fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu za moto, nyumba ilikuwa na fezi moja. Kuomba, kukaguliwa, kungoja na kulipa kulichukua wiki tisa. Sina la kuongeza hapo.

Mashine iliwashwa mara ya kwanza Januari, kaskazi imeshika. Ikazunguka dakika nne, ikazima, ikaandika namba ya kosa. Wakawasha tena, dakika nne, ikazima. Fundi mmoja, kijana mwerevu wa hapa hapa, aligundua kwamba maji ya upande wa baridi yakianza yakiwa na joto la chumba, mashine hugoma. Akaenda bandari ya samaki akarudi na magunia mawili ya barafu, akayatumbukiza kwenye tangi lililo kati ya mashine na feni koili. Maji yakashuka joto, mashine ikawaka, ikanguruma vizuri. Watu wakapiga makofi. Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu jibu la tatizo zima lilikuwa ndani ya magunia yale mawili na hakuna aliyelisoma.

Saa mbili za kwanza vyumba vilipoa sana. Saa tatu usiku maji yaliyokuwa yakirudi kutoka mashimoni yalikuwa digrii 36. Saa tano, 40. Karibu na saa sita presha ya gesi ikapanda, mashine ikajizima yenyewe, na wageni wakafungua madirisha. Kesho yake jioni maji ya mashimoni yalianza yakiwa 31. Wiki ya pili yalikuwa yakianzia 33. Mgeni mmoja akaondoka kabla ya siku zake. Viyoyozi vya zamani vilikuwa vimeshauzwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Wakati huohuo, juu bafuni, watu wakichemsha maji ya kuoga kwa umeme.

Nilipoitwa

Nilifika Februari. Kabla ya kufungua mashine niliomba kamba, nikafunga kipimajoto ndani ya chupa yenye matundu, nikakishusha kisimani, nikakiacha nusu saa. Kikatoka kimesoma 28.

Mama alikuwa amekaa barazani akichambua mchicha. Akaniuliza, "Fundi, umeona nini humo?"

Nikamwambia, "Mama, maji ya kisima chako yana digrii 28."

"Ndiyo, ni vuguvugu," akasema. "Mimi alfajiri siku zote natawadhia ya kisima. Ya tangi huwa baridi wakati huo. Hata mwezi wa Julai, ya kisima ni vuguvugu vile vile."

Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mwanawe. Akasema hakuulizwa.

Siku ile nilipima pia hewa ya nje, hadi alfajiri yake. Saa nane mchana ilikuwa 32. Saa nne usiku ilikuwa 27. Saa kumi alfajiri, 25 na kidogo.

Tulichoamua na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuongeza mashimo. Kanuni ya jumla ya mafundi wa kazi hii ni kwamba mita moja ya shimo hubeba wati 50 hivi, pungufu au zaidi kulingana na mwamba. Mita 76 ni kama kilowati 4. Mashine ilikuwa ikimwaga karibu 12. Tungehitaji zaidi ya mita 150 nyingine katika mwamba ule ule uliotoboka, na bado shida kubwa zaidi, nitakayoieleza chini, ingebaki pale pale.

Ya pili, kuvuta maji ya kisima moja kwa moja, kuyapitisha kwenye mashine na kuyarudisha. Kijana aliipenda sana hii, tena kwa simu ya saa nzima. Niliipinga kwa sababu mbili. Kibadilisha joto cha mashine ile, yaani pale joto linapohama kati ya maji na gesi, kilikuwa cha sahani za chuma cha pua zilizounganishwa kwa shaba, na chumvi ingekitoboa. Kwa maji ya namna ile hutumika titani. Na pwani yetu maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo tu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia karibu mita 40 chini yake. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, ukishusha usawa kwa mita moja, chumvi huinuka kwa makumi ya mita kukufuata. Kisima cha mama kilikuwa kimeshaonja chumvi. Visima vya majirani watano vilikuwa karibu nacho.

Tukachukua ya tatu: kugeuza kazi ya mashine. Iache kupoza vyumba vyote, ichemshe maji. Upande wa moto tuliuunganisha na tangi la lita 500. Upande wa baridi ukapata joto lake kutoka sehemu mbili, yaani feni koili moja ya ukumbi wa kulia chakula na yale mashimo mawili.

Hapo tukakutana tena na kosa la dakika nne. Kitabu cha mashine, cha Kijerumani, kilikuwa na mstari unaosema maji yanayoingia upande wa baridi yawe kati ya −5 na 25. Huko ilikotengenezwa hakuna ardhi ya kufika 25, kwa hiyo kijana hakuwahi kuutilia maanani mstari huo. Ardhi ya Malindi ilikuwa moto mno kwa pampu ya joto. Ndiyo maana ya barafu. Dawa ilikuwa valvu ya kuchanganya: sehemu ya maji yaliyokwisha kupozwa na mashine inarudishwa kuchanganyika na yale yanayotoka shimoni, hadi yanayoingia yawe 20. Valvu yenyewe si ghali. Tuliifunga kwa siku moja, na haikuzima tena.

Vyumbani tulirudisha viyoyozi vya kawaida vya hewa, safari hii vya inveta, vyenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, na mtoto wa nyumba akapewa kazi ya kuyasuuza kwa maji ya mfereji kila baada ya wiki mbili. Na juu ya lile paa la zege tukaezeka makuti. Hilo lilikuwa wazo la fundi wa barafu, si langu.

Matokeo

Tangi hupashwa kutoka 28 hadi 52 kwa uniti tatu na nusu hivi za umeme, na linatosha watu 12. Kwa shawa za zamani, za kilowati 5, kila mtu akioga dakika kumi, watu hao walikuwa wakila uniti 10. Mara moja kwa wiki maji hupandishwa hadi 60 ili kuua vijidudu. Ukumbi wa chini hupoa kwa saa moja na kitu mashine inapofanya kazi, na mama amepanga izunguke adhuhuri chakula kinapoandaliwa.

Makuti yaliniaibisha kwa uzuri. Chumba cha pembeni ambacho saa tatu usiku kilikuwa 31 kabla ya kuwasha chochote, kikawa 29. Kiyoyozi hakianzi tena kupigana na paa lililokuwa likipikwa tangu asubuhi.

Upande wa fedha, mashine na usafiri na ushuru vilikula shilingi 420,000, mashimo na paipu 610,000, fezi tatu na waya 130,000, na marekebisho yangu 95,000. Jumla ni 1,255,000, bila viyoyozi vipya na makuti. Okoa uniti 6 na nusu kwa siku nyumba ikijaa, toa ya pampu za kuzungushia ibaki 6, tuchukue uniti kwa shilingi 30 kurahisisha hesabu, siku 200 kwa mwaka: shilingi 36,000. Fedha ile itarudi baada ya miaka 35. Mashine haitafika huko.

Uchambuzi

Shida kubwa niliyoiahidi ni hii. Ardhi ina thamani kwa pampu ya joto pale tu inapotofautiana na hewa. Ardhi ya mita kumi na zaidi kwenda chini hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka. Ujerumani wastani huo uko mbali sana na baridi ya Januari na mbali na joto la Julai, kwa hiyo ardhi inasaidia pande zote mbili. Malindi wastani wa mwaka ni 27 hivi, na mwaka wenyewe hauendi mbali nao. Mchana wa Machi ardhi ingekupa nafuu ya digrii 4. Lakini vyumba vya kulala hupozwa usiku, na usiku hewa iko chini ya 28. Yaani saa ambazo wageni wanahitaji baridi, ardhi ni mahali pabaya zaidi pa kumwaga joto kuliko ule upepo unaopita bure juu ya paa.

Kisha kuna suala la kurudisha. Kule Ulaya joto linalomwagwa ardhini kiangazi hunyonywa tena wakati wa baridi, kama mtu anayeweka na kutoa benki. Hapa ungeweka tu. Zile 31, kisha 33, za Januari zilikuwa zikituambia hivyo usiku baada ya usiku. Hata mashimo mengi zaidi yangechelewesha tu siku ya kujaa.

Kukataa kwa mama kuchimbua sakafu kuliokoa zaidi ya fedha. Hewa ya Malindi hubeba unyevu mwingi, na kitu chochote kilicho chini ya digrii 24 hivi hutoka jasho. Sakafu ya kupozwa ingekuwa telezi kama gati la samaki. Feni koili nayo hutoka jasho, ila ina trei na mrija wa kulitoa.

Kilichofaulu ni kuchemsha maji, na hata hapo niseme bila kujipendelea: pampu ya joto ya kuvuta hewa, chombo kimoja chenye tangi lake, isiyo na shimo wala fezi tatu, ingefanya kazi ileile kwa fedha kidogo mno, kwa sababu hewa yetu ni ya moto mwaka mzima na ndicho chanzo bora cha joto tulicho nacho. Tulitumia mashimo kwa sababu yalikuwapo. Paipu za plastiki na uji wa saruji ziko salama, mkandarasi alifanya kazi nzuri katika mwamba mgumu, lakini ile "karibu sawa tu na 80" ilipaswa kumsimamisha mtu na karatasi na kalamu, maana hata 80 hakuna aliyekuwa ameipigia hesabu. Ilitolewa kwenye nyumba ya Ujerumani na kupunguzwa kwa jicho.

Kosa langu mwenyewe: sikupendekeza kivuli cha paa. Nilikuja na macho ya mashine nikatazama mashine. Pia sikufunga mita ya peke yake kwenye viyoyozi vipya, kwa hiyo siwezi kutenga kilichookolewa na inveta na kilichookolewa na makuti. Nilivyoviona ni vile vya kipimajoto tu.

Kijana hakufurahi nilipomwonyesha miaka 35. Alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza iwapo kipimajoto kile kilikuwa sahihi. Nikamwambia ampigie dada yake, naye dada akapima kwa kipimajoto chake wiki iliyofuata, akapata 28.

Mwezi uliopita rafiki wa yule kijana, wa huko Lamu, alinipigia kuhusu nyumba yake ya Shela. Nikamwambia kwanza ashushe chupa kisimani. Zaidi ya hapo, vile vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji yasiyo na chumvi ya mji wa Lamu, na kutoboatoboa pale kwa ajili ya joto la kuogea sitakukubali hata nikilipwa. Ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mashine ya kuchimba haiwezi hata kupita vichochoroni. Tumebaki kwenye bei ya pampu ya hewa ya lita 200, na mahali pa kuiweka ili mlio wake usimfikie jirani wa ng'ambo ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro.